Tumbo Ndani ya Tumbo

Bibi Biasha wa Nalasi alikuwa na msimamo wake kuhusu matumbo ya watu, na hakuna aliyeweza kumtoa hapo. Kila binadamu, alisema, anazaliwa na mchango wake, kile ambacho wengine hukiita mnyoo wa tumbo. Mwenyezi Mungu anauweka humo tumboni kama anavyouweka moyo kifuani na ulimi kinywani. Kazi yake ni kupokea chakula na kukigawa: hiki kiende kwenye damu, hiki kwenye mifupa, hiki kitupwe. Mchango ukiridhika, mtu anapata usingizi. Ukikasirika, unapozwa kwa maji ya mizizi, unabembelezwa, unaombwa urudi mahali pake. Lakini kuutoa! Nani amewahi kutolewa moyo ili kifua kipone?

Hayo hakuyatunga yeye. Aliyapokea kwa mama yake, na mama yake kwa mama yake, na kule kwenye mikorosho ya Nalasi, upande wa Tunduru, ungetembea kutwa nzima usipate mtu wa umri wake anayefikiri vingine. Vijana waliosoma walicheka chinichini. Kisha tumbo likiwakata wao wenyewe walikuja mmoja mmoja kuomba mizizi, na Bibi Biasha aliwapa bila kuwasimanga. Au tuseme aliwasimanga kidogo.

Basi wauguzi wa kliniki walipokuja kijijini na dawa ya minyoo kwa watoto wote, yeye hakumficha mjukuu wake Asma wala hakusingizia safari. Alisimama mlangoni akawaambia uso kwa uso: "Minyoo ni ya mbwa. Huyu wangu ana mchango, na mchango wake nautunza mimi." Muuguzi alikuwa na kijiji kizima mbele yake, na jua lilikuwa kali. Akapita nyumba ya pili.

Asma alikuwa na miaka sita. Mama yake, Halima, binti pekee wa Bibi Biasha, aliolewa Songea mjini na kufungua meza ya mitumba katika miaka ile ya ruksa, wakati kila mwenye mikono miwili alipogundua kwamba naye anaweza kuuza kitu. Meza ya sokoni na mtoto mchanga havikai pamoja, kwa hiyo Asma alipelekwa Nalasi mara alipoacha ziwa, na bibi akamlea kama mboni ya jicho lake. Hakuna aliyelalamika, mtoto mwenyewe akiwa wa kwanza kutolalamika.

Mwaka ule mvua zilipochachamaa, tumbo la Asma lilianza kumsokota. Lilikuwa kubwa siku zote, likimtangulia kila anapokwenda, na bibi yake aliliona ni dalili ya afya. Sasa likawa gumu. Mtoto akatapika alichokula, kisha akatapika maji ya njano matupu. Bibi Biasha akachemsha mizizi aliyoijua, akachemsha na ile aliyoisikia kwa watu tu, na mchango haukusikia la mtu. Asubuhi moja Asma alimwita kwa sauti ndogo sana, sauti ya mtu aliye mbali, na bibi akaingiwa na hofu. Alimfunga mgongoni akapanda lori la mizigo lililokuwa linakwenda Songea.

Aliyewahi kusafiri njia ile wakati wa mvua hahitaji kusimuliwa, na ambaye hajasafiri hataamini, kwa hiyo tuiache. Itoshe kusema kwamba walipokwisha kuvuka mto mmoja, daraja la magogo lilisombwa nyuma yao. Abiria walishangilia kunusurika. Bibi Biasha hakushangilia, maana alijua nani amebaki ng'ambo: mwanawe mkubwa, Abdulswamadu, mjomba wa mtoto.

Kwa Wayao mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Baba anapenda na baba analisha, na Mussa, baba yake Asma, alikuwa mtu mwema asiye na makuu. Lakini jambo zito likimfika mtoto, anayetamka ndiyo au hapana ni mjomba. Mjomba asipokuwepo, neno linamwangukia mkubwa wa upande wa mama. Na mkubwa huyo alikuwa ndani ya lori, amelowa chapachapa, akimpepea mtoto kwa upande wa kanga.

Halima aliwapokea kwa kilio nyumbani kwake Mjimwema, mtaa wa Songea. Hata maji ya kuoga hayakutengwa. Walimbeba mtoto moja kwa moja hadi hospitali, na huko wakampata daktari aitwaye Kajetani, Mngoni mrefu mwenye maneno machache. Daktari alimlaza Asma chali, akapasha viganja vyake joto kwa kuvisugua, ndipo akamgusa. Alibonyeza hapa, akabonyeza pale, akafumba macho kama anayesikiliza. Bibi Biasha alipenda vile alivyopasha viganja. Mengine yote ya hospitali hakuyapenda.

"Shikamoo, bibi," daktari alisema walipotoka nje ya pazia.

"Marahaba. Sema."

"Tumboni mwake kuna donge. Nalisikia kwa vidole, sijaliona kwa macho. Linaweza kuwa uvimbe, na uvimbe dawa yake ni kisu. Linaweza pia kuwa minyoo, imejikusanya ikajisokota pamoja. Mimi sipendi kumpasua mtoto kwa kubahatisha. Kesho asubuhi tutampiga picha ya tumbo. Leo awekewe dripu, na asile kitu chochote."

Halima aliposikia kisu alishika ukuta. Bibi Biasha yeye alichukua neno moja tu, picha, akaligeuzageuza. Sokoni Tunduru kulikuwa na mpiga picha mwenye pazia lenye maua, na hakuna aliyekufa kwa ajili yake.

"Picha haimwui mtu," alisema. "Pigeni. Lakini kumlaza mtoto na njaa si vizuri. Mchango utakasirika."

"Ukasirike tu, bibi," alisema Kajetani, "tupate kuuona."

Asubuhi waliingizwa kwenye chumba chenye madirisha yaliyozibwa kwa kitambaa cheusi. Mwenyeji wa chumba aliitwa Pankrasi, mtu mnene, mcheshi, mwenye mazoea ya kuzungumza na watoto kama wakubwa na wakubwa kama watoto. Alikoroga unga mweupe kwenye kikombe cha plastiki, ukawa mzito kama chokaa ya kupaka ukutani, akamkabidhi Asma.

"Mheshimiwa," alisema, "hiki si kitamu. Nisikudanganye. Lakini macho yangu hayaoni ndani ya watu mpaka watu wanywe hiki."

Asma alimtazama bibi yake. Bibi akaonja kwa ncha ya ulimi, akakunja uso, akasema ni udongo tu, na udongo haujawahi kumdhuru mtoto. Asma akanywa funda kwa funda, akivuta pumzi katikati, na kwa bahati njema hakutapika. Wakasubiri dawa ishuke. Kisha Pankrasi akamvisha bibi aproni yenye madini ya risasi ndani, nzito kama gunia la mahindi, akamwambia amshike mtoto mabega asitikisike. Mtambo ukaguna, kitu kikalia kwa kishindo kidogo, na kazi ikaisha. Bibi Biasha alikuwa bado anajiandaa.

"Tayari?" aliuliza.

"Tayari."

"Hakuna hata mwanga?"

"Mwanga upo, bibi. Sema huu si wa kuonwa na macho yetu."

Hilo lilimkaa kichwani. Alikuwa mtu wa sala tano, na habari za mwanga usioonekana hakuzichukulia kama mzaha. Aliketi kwenye benchi la korido, mtoto mapajani, mpaka walipoitwa.

Filamu ilikuwa bado mbichi, inachuruzika maji, imebanwa mbele ya sanduku la taa. Daktari Kajetani alisimama upande mmoja, Halima upande wa pili, na Bibi Biasha akasukumwa katikati. Aliangalia. Mwanzoni aliona moshi. Kisha ule moshi ukapata mpangilio, na mwili ukamsisimka kuanzia utosini hadi nyayo.

Zilikuwa mbavu. Mbavu ndogo, nyembamba, zimepangwa pande mbili bila kukosea hata moja, na katikati uti wa mgongo, pingili juu ya pingili. Ndiye Asma. Miaka yote amemwosha mtoto huyu, amempaka mafuta, amemtoa miiba nyayoni, na kumbe alikuwa hajamwona. Akajikuta machozi yanamlengalenga.

"Subhanallah," alisema polepole. "Nani alikaa akapanga hivi?"

Chini ya mbavu utumbo ulionekana mweupe, umejaa ile chokaa, unajikunja na kujikunjua kama mto Ruvuma unavyoonekana kutoka mlimani. Na ndani ya ule weupe kulikuwa na michirizi ya giza, mirefu, laini, unene wa kalamu ya risasi. Mmoja ulipinda hapa. Mingine miwili ililala ubavu kwa ubavu. Upande wa kulia, pale daktari alipokuwa anabonyeza, ilikuwa imesongamana mpaka huwezi kujua upi ni upi.

"Siyo uvimbe," alisema Kajetani, na sauti yake ilionyesha alikuwa na wasiwasi mkubwa kuliko alivyokubali jana. "Halima, siyo uvimbe. Ni minyoo."

Halima alipiga magoti palepale. Lakini Bibi Biasha alikuwa amesogeza uso mpaka pua ikakaribia kugusa filamu, na uso wenyewe uling'aa kwa furaha ya mtu aliyebishiwa maisha yake yote, leo kaja shahidi.

"Si niliwaambia?" alisema. "Huo hapo! Huo mchango! Mmeuona kwa macho yenu na mashine yenu. Umelala kwa adabu, haumdhuru mtu. Lo, kumbe ni mingi. Mtoto huyu kajaliwa."

Pankrasi alikohoa kwa nguvu akageukia ukuta.

Daktari hakucheka. Alivuta stuli, akamkalisha bibi, naye akachuchumaa mbele yake. Alimweleza kwamba donge lile ni minyoo iliyojisokota pamoja, na kwamba kwa sasa njia bado ina upenyo. Leo dawa inaweza kuilegeza ikatoka yenyewe. Ikichelewa, ikijikaza, njia itaziba, na hapo hakuna dawa tena, ni kisu, na kisu kwenye tumbo lililoziba, kwa mtoto aliyedhoofika namna ile, yeye hawezi kumwahidi mtu chochote.

"Nataka kumpa dawa leo," alimaliza. "Mama yake anasema neno ni lako."

"Neno ni la mjomba wake. Mjomba yuko ng'ambo ya mto."

"Basi ni lako."

"Basi hapana," alisema Bibi Biasha.

Alisema bila ukali, na hilo ndilo lililowatisha. Halima alimshika mkono, akamwita mama, mama, akashindwa kuendelea. Angeweza kumpa mtoto wake dawa kwa mkono wake mwenyewe, nani angemzuia? Lakini kwao mtu hafanyi hivyo. Mtoto akifa baada ya neno la wakubwa, msiba ni wa wote. Akifa baada ya neno lako peke yako, huo unakuwa wako mpaka kaburini.

"Niliwahi kuwa na mtoto anaitwa Daudi," Bibi Biasha alimwambia daktari. "Mdogo wake huyu Halima. Tumbo lilimkaza hivihivi. Tukapewa dawa ya minyoo kliniki, akanywa. Haikufika jioni ikaanza kutoka. Ilitoka kwa kinywa, baba, ilitoka kwa pua. Niliiona inatoka na roho inafuata nyuma yake. Usiniambie mimi habari za dawa."

Kajetani alisema kwa upole kwamba huenda njia ya Daudi ilikwisha kuziba kabla ya dawa, na minyoo ilipokosa pa kushukia ikapanda.

"Wewe hukuwepo," alisema bibi.

"Sikuwepo," alikubali.

Akainuka. Alisema baada ya saa chache watapiga picha ya pili, waone kama ile dawa nyeupe imeteremka. Ikiwa imekwama, hatamwomba mtu ruhusa tena. Atampeleka mtoto chumba cha upasuaji, na Bibi Biasha anaweza kumshitaki popote apendapo. Bibi alimheshimu kwa hilo. Hata hivyo alibaki na hapana yake.

Saa zile zilikuwa ndefu. Asma alilala, akaamka, akalia kidogo kwa njaa, akalala. Halima alimkumbatia upande mmoja na bibi upande wa pili. Bibi Biasha alikuwa na roho mkononi. Usidhani alikuwa jiwe. Aliona tumbo la mjukuu wake linavyopanda na kushuka, alijua kwamba dawa inaua na kisu kinaua, na mizizi yake imeshindwa, na hakuona mlango wa nne. Aliomba mpaka maneno ya kuomba yakamwishia, akabaki anataja majina ya Mungu tu.

Adhuhuri ilipopita kidogo, Pankrasi aliwarudisha chumbani, mtambo ukaguna mara ya pili, wakasubiri tena. Safari hii Pankrasi hakuwaita. Alitoka mwenyewe, mikono bado inanuka dawa za kusafishia filamu, akaenda mbio, na mwili ule haukuwa mwili wa kukimbia. Alirudi na daktari. Wakaingia ndani wakakawia. Bibi Biasha aliamua mtoto amekufa, japo mtoto alikuwa mapajani mwake anapumua.

"Njooni," alisema Pankrasi mlangoni. Ucheshi ulikuwa umemtoka.

Kajetani alikuwa amesimama mbele ya sanduku la taa, mikono ameiacha inaning'inia. "Nimesoma habari hii kitabuni," alisema bila kugeuka. "Nilidhani wanatia chumvi."

Dawa nyeupe ilikuwa imeteremka. Ilionekana kule chini, kwenye utumbo mpana, na hiyo peke yake ilikuwa habari njema kubwa: njia ilikuwa bado wazi. Lakini si hilo walilokuwa wanaliangalia. Katikati ya tumbo, mahali palipokuwa peupe asubuhi, sasa palikuwa na kivuli, na ndani ya kile kivuli kulikuwa na nyuzi nyeupe. Nyembamba kama uzi wa kushonea. Kila mchirizi wa giza wa asubuhi ulikuwa na uzi wake mmoja, umepita katikati kutoka kichwani hadi mkiani, umenyooka pale ulipo­nyooka mwenzake na kupinda pale ulipopinda.

Bibi Biasha alisogea. Alinyoosha kidole, akakirudisha, akakinyoosha tena.

"Uzi huu nani kautia?"

"Hakuna aliyeutia, bibi," alisema Pankrasi. "Ni dawa yangu. Asma alilala na njaa, nao walilala na njaa. Asubuhi nilipompa kikombe, nao wakanywa."

"Wakanywa."

"Wakanywa. Ile iliyobaki imeshuka, iliyomo matumboni mwao imebaki. Huo uzi ndio utumbo wao."

"Wana utumbo."

"Wana mdomo, wana utumbo, wana na pa kutolea."

Halima alifikiri mama yake hajaelewa, akafungua kinywa aeleze, na daktari akamzuia kwa kichwa. Bibi Biasha alikuwa anafikiri kwa namna ya kwao, namna ya mtu anayepekua gunia la korosho, anaiokota moja moja na kuiangalia pande zote.

"Moyo wa mtoto uko wapi hapa?"

Pankrasi alileta filamu ya asubuhi akamwonyesha, juu kabisa, kivuli cha mviringo kilichokatwa na ukingo wa filamu.

"Una mdomo?"

"Hapana, bibi. Moyo unalishwa na damu."

"Ini je?"

"Vivyo hivyo."

"Figo? Bandama? Ulimi una utumbo wake?"

"Hakuna kiungo chenye utumbo wake, bibi," alisema daktari. "Vyote vinakula sahani moja."

Bibi Biasha aliyarudia hayo kwa ndani, midomo ikichezacheza. Alizitazama zile nyuzi nyeupe, nyingi, kimya, kila moja na tumbo lake lililoshiba ndani ya tumbo la mtoto mwenye njaa, na hofu iliyomshika haikuwa hofu aliyoizoea. Ilikuwa kama ile ya mtu anayefungua mlango wa nyumba yake na kukuta ndani familia isiyomjua, imekaa inakula. Hata hivyo hakuweza kuondoa macho. Walikuwa wameumbwa vizuri mno. Aliyezipanga zile mbavu ndiye aliyeutandika uzi ule ndani ya kiumbe kile cha gizani, akautandika kwa uangalifu uleule, na hilo lilimzidi nguvu, akalazimika kukaa chini.

"Basi huyu mchango si kiungo cha mtoto," alisema hatimaye. "Mwenye tumbo lake ni mtu mwingine."

"Tumpe dawa?" aliuliza Kajetani.

Ungetegemea aseme ndiyo. Hata yeye alitegemea. Kichwa kilikuwa kimekwisha kukubali, lakini Daudi hakukaa kichwani. Alikaa mahali pengine, na pale hakuna picha iliyofika. Akaificha mikono chini ya kanga.

"Nipe mimi kwanza," alisema.

"Bibi, wewe huumwi."

"Nipe mimi kwanza. Na mimi nina wangu. Nikifa, mjue mlikosea, na mtoto mumwache. Nisipokufa, apewe."

Halima alilia, Pankrasi akajikuna kichwa. Kajetani alimwangalia mwanamke yule aliyekunja miguu sakafuni, akaona kwamba hakuna hoja itakayomfikisha mbali kuliko hiyo. Akaenda kabatini mwenyewe, akarudi na chupa ya dawa ya maji na kikombe kidogo.

Bibi Biasha aliomba maji akatawadha. Alisali bila haraka, kwenye kona, juu ya upande wa kanga. Kisha alimwita Halima akamwachia wosia: shamba la chini ni la Abdulswamadu, la juu ni la Halima na Asma baada yake, na Asma asiolewe na mtu mwenye hasira. Akamnusa mjukuu wake utosini. Akatamka shahada kwa sauti, wagonjwa wa wodi nzima wakisikia, akainua kikombe akanywa yote.

Akabaki amekodoa macho.

"Tamu," alisema. "Kifo gani hiki kitamu kama sharubati?"

Aliketi kitandani kwa Asma, mgongo umenyooka, akisubiri kama anayesubiri gari. Wodi nzima ilisubiri naye. Mama mmoja wa Kimatengo, Mkristo kabisa, alikuwa anamwombea rozari upande wa pili. Kila alipokohoa, watu waliinuka. Alasiri ikaingia. Bibi Biasha aliinuka, akatembea hadi mwisho wa wodi akarudi, akajibonyeza tumbo, akajibonyeza kifua, akamtazama daktari aliyekuwa amekuja kusimama mlangoni.

"Mimi bado nipo," alisema.

Kipimo cha Asma kilimiminwa kwenye kijiko. Muuguzi alinyoosha mkono kumpa mtoto, lakini bibi akakidai kile kijiko. Kilitetemeka sana mkononi mwake, na Halima ikabidi amshike kiwiko, na kwa mikono miwili hiyo, ya mama na ya binti, dawa ikamfika mtoto bila kumwagika.

Kesho yake minyoo ilianza kutoka. Ilitoka njia inayotakiwa, imelegea, mirefu, ya rangi ya maziwa yaliyochacha, na hakuna aliyejisumbua kuihesabu ilipozidi. Bibi Biasha aliinama juu ya lile beseni akaitazama mmoja mmoja. Tumbo la Asma lililegea kama ngoma iliyonyeshewa. Mchana mtoto aliketi, akauliza kwa hasira kwa nini katika nyumba hii hawapiki, na mama yake akacheka mpaka akakaa chini.

Lakini bibi hakucheka sana. Na yeye alikuwa ameomba beseni lake, tena alilidai kwa nguvu, na muuguzi akampa ili mambo yaishe. Siku ile hapakuwa na kitu. Siku ya pili hapakuwa na kitu. Siku ya tatu alimfuata daktari Kajetani koridoni.

"Wangu amejificha," alisema.

"Hajajificha, bibi. Tumepima na choo chako. Hakuna hata yai. Wewe huna kabisa, na pengine kwa miaka mingi hujakuwa naye."

"Sina."

"Huna."

Daktari alitegemea afurahi. Bibi alimshukuru, akaenda nje, akakaa kwenye ngazi palipokuwa na jua baada ya mvua. Halima alimkuta hapo, mikono juu ya tumbo, macho yamekwenda mbali kuvuka mabati ya mji.

"Mama, unaumwa?"

"Siumwi. Nilikuwa peke yangu humu ndani," alisema Bibi Biasha. "Miaka yote hii. Nimelima, nimezaa, nimezika, na humu hapakuwa na mtu anayenigawia chakula. Nimeishi tu. Halima, mtu anaishi tu."

Halima alikaa karibu naye.

"Kile kijiko cha Daudi," bibi akaendelea, na sasa sauti ilikatika, "nilikishika mimi. Watu hawakuwepo. Baba yako alikuwa shamba. Nilimfumbua kinywa kwa kidole changu nikammiminia, alikuwa hataki. Sijamwambia mtu. Nilijua nimemtoa roho kwa mkono wangu." Alivifumba viganja vyake akavifumbua. "Lakini roho ya mtu haimo katika mchango, Halima. Mimi sina, na nimeishi. Basi sikumwua."

Kisha akalia. Alilia kwa sauti, mchana kweupe, kwenye ngazi za watu, kama msiba umeingia asubuhi ile, na wapitanjia walisimama kumpa pole. Halima hakumnyamazisha. Alimpokea kichwa mapajani mwake, akamwacha amlilie Daudi mpaka atosheke.